Nilienda Kugombea Udiwani, Huku Nyuma Barua Yangu ya Pensheni Ikatolewa Kwenye Faili

Nyie... karatasi yangu haipo!

Nimesimama mbele ya meza ya Afisa Utumishi, faili langu la kazi liko wazi, napitisha kidole kwenye namba za kurasa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Arobaini. Barua yangu ya kuomba likizo bila malipo, nikagombee udiwani. Ipo.

Arobaini na mbili. Barua yangu ya kurudi kazini baada ya kubwagwa. Ipo.

Arobaini na moja...

Hakuna!

"Barua yangu iko wapi?"

"Mama, mimi naletewa faili likiwa hivi hivi. Masjala ni kwenu, sio kwangu."

Nikakaa bila kukaribishwa kiti.

Jamani, ile karatasi moja ndiyo uzee wangu wote. Ngoja niwaeleze, ila msiniharakishe, maana hii stori inaniuma hadi leo.

Mimi ni mkuu wa masjala, yaani chumba kile cha mafaili ambacho kila ofisi ya serikali inacho na hakuna anayekijali mpaka siku karatasi yake ipotee. Wananiita Mama Faili. Sina mtoto. Mume wangu alifariki nikiwa na miaka thelathini na tisa, na kabla hata mwaka haujaisha nikaajiriwa. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Nikistaafu kwa lazima nikiwa na sitini, nitakuwa na miaka ishirini kamili ya utumishi na wiki sita za ziada.

Na sheria yetu inataka ishirini kamili. Ukizifikisha, unapata pensheni kila mwezi mpaka unaingia kaburini. Ukipungukiwa hata siku moja, unapewa mkupuo mmoja, unashikwa mkono, kwaheri.

Sasa likizo ya kugombea ni miezi mitatu, na miezi ile haihesabiwi kwenye utumishi. Wiki zangu sita za ziada zingeizibaje miezi mitatu?

Lakini mlango upo. Waraka unasema mtumishi anayekwenda kugombea anaweza kuandika barua kabla likizo yake haijaisha, achague kuendelea kuchangia mwenyewe, fungu lake na fungu la mwajiri. Akifanya hivyo, miezi yake inahesabika. Barua ni moja tu. Ikiwa na kasoro, inahesabika umekataa, hakuna kujaribu tena.

Huo waraka niliupokea mimi. Niliugonga muhuri mimi. Nimewaelekeza watu wangapi mimi!

Na barua nikaiandika, siku yangu ya mwisho ofisini, huku vijana wa kampeni wananipigia honi nje. Kwa kuwa masjala hairuhusiwi mtu kugusa faili lake mwenyewe, nikaikabidhi mkononi mwa msaidizi wangu.

Msaidizi wangu tunamwita Bwana Dokezo. Dokezo ni kile kijikaratasi cha ofisini unachobandika juu ya barua kueleza nini kimefanyika, nani kafanya na lini. Huyu bwana alikuwa anabandika dokezo kwenye kila kitu. Siku moja alibandika kwenye birika la chai: "Linavuja. Nimeripoti mara mbili."

Miaka kumi na moja tumekula chakula cha mchana pamoja kwenye benchi nyuma ya masjala. Kumi na moja! Tulikuwa tunakula, tunawasema mabosi, tunarudi kazini. Kwangu mimi ile nusu saa ndiyo ilikuwa familia.

Wengi mmeniuliza inboksi, kwa nini nilijiingiza kwenye siasa uzee huu. Nitasema ukweli leo. Akina mama wa mtaani walikuja nyumbani wakaniambia, "Mama yetu, tunakutaka wewe." Basi. Hicho tu. Ukikaa miaka kumi na sita kwenye nyumba ambayo ukizima redio hakuna kinachosikika, ukaitwa mama yetu na watu ishirini kwa mpigo, na wewe ungechukua fomu.

Wiki ya kwanza ya kampeni nikaletewa picha kwenye simu.

Bwana Dokezo, amekaa mstari wa mbele, mkutano wa mpinzani wangu. Na kofia ya mpinzani kichwani!

Nililia, nikanyamaza, nikamfungia simu. Akitokea, nikawaambia vijana wangu, mwambieni sina nafasi.

Matokeo yalipotoka nilishika nafasi ya tano. Tulikuwa watano.

Simu iliyokuwa inalia mpaka inapata moto ikanyamaza siku ile ile. Mwenye viti vya kukodi akaja kuchukua viti vyake. Wale akina mama nikikutana nao dukani wanageukia sabuni. Nikabaki na mabango mia mbili sebuleni, kila ninapogeuka naona sura yangu inacheka, na hakuna mtu wa kucheka naye.

Ndiyo nikarudi kazini siku hiyo niliyoanzia kuwasimulia. Mnaelewa sasa kwa nini nilikaa bila kukaribishwa?

Nikatoka kwa Afisa Utumishi nikashuka ngazi mbili mbili.

Nimkute Bwana Dokezo wapi? Kwenye kiti changu! Yeye ndiye alikuwa anakaimu nafasi yangu.

"Karibu tena kazini, Mama Faili," akasema, akiinuka.

"Sijaja kukaribishwa! Barua yangu uliipeleka wapi?"

Makarani wawili wakaacha kuandika.

"Niliitoa kwenye faili."

"Uliitoa?!"

"Ndiyo. Niliitoa mimi."

"Kwa nini?"

Akawatazama wale makarani, akanitazama mimi. "Twende nje kidogo, dada yangu. Hili tuongee wawili."

"Ongea hapa hapa! Au ulikuwa unaongea vizuri zaidi ukiwa na kofia?"

Akavua miwani yake, akaiweka mezani.

"Nijibu!"

Akachukua kikombe chake na miwani yake, akahamia kwenye meza yake ya zamani kule pembeni.

Mimi nikakaa kwenye kile kiti, bado kina joto lake, nikaandika malalamiko ya kurasa tatu. Nilimwaga kila kitu. Nikaandika kwamba ametumwa na mpinzani wangu, kwamba alitaka cheo changu, kwamba ameniua kabla ya siku zangu. Nikayapeleka juu kabla ya saa sita.

Na mchana sikwenda kwenye benchi. Nilikula mezani kwangu, nimeupa mlango mgongo.

Kamati ikakaa baada ya siku kumi, watu watatu na Afisa Utumishi akiwa mwenyekiti. Kwenye rejesta ya barua zinazoingia, barua yangu ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa, tarehe na saa, kwa mwandiko wa Bwana Dokezo mwenyewe. Kwa hiyo hakuna ubishi, barua iliingia.

"Nani aliitoa kwenye faili?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikosea."

"Iko wapi?"

"Imepotea mikononi mwangu."

"Na barua yenyewe ilikuwa kamili? Haikuwa na kasoro?"

Hapo akanitazama. Mara ya kwanza siku ile. Nikamkazia macho mpaka akashusha ya kwake.

"Ilikuwa kamili, mheshimiwa mwenyekiti. Haikuwa na kasoro yoyote."

Uamuzi ukatoka. Kosa la ofisi halimwadhibu mtumishi, kwa hiyo miezi yangu mitatu ihesabiwe nikishalipa michango yake, na pensheni yangu iko salama. Bwana Dokezo asimamishwe kazi miezi sita bila mshahara, akirudi ashushwe cheo.

Nilishinda!

Nilitoka pale najisikia kupiga vigelegele. Nikafika nyumbani, nikafungua mlango, nikasema kwa sauti, "Nimeshinda." Mabango yakanitazama. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Siku zikaenda. Masjala ikawa kimya. Wale makarani wawili wananiambia "shikamoo" na "ndiyo mama", basi. Nikipita wanapunguza sauti. Mchana nikajaribu kwenda kwenye lile benchi peke yangu, nikashindwa kumeza.

Kisha ikafika mwisho wa robo mwaka, siku ya kusafisha trei.

Sikilizeni hapa vizuri. Masjala yetu ina trei moja juu ya kabati, imeandikwa ZIRUDISHWE KWA WENYEWE. Ni utaratibu niliouanzisha mimi mwenyewe zamani sana. Barua yoyote yenye kasoro haiendi juu kwa wakubwa, inawekwa pale, mwenyewe anaitwa, anarekebisha. Imesaidia watu wengi ile trei, maana ikifika juu na kasoro ndiyo imekwisha.

Nikapanda kwenye kigoda, nikaishusha, nikaanza kupekua.

Fomu ya likizo isiyo na tarehe. Ombi la uhamisho lisilo na jina la kituo.

Ya tatu...

Mwandiko wangu.

Barua yangu! Imenyooka, haijakunjwa hata pembe, na namba arobaini na moja kwenye kona.

Nikasoma mpaka chini, nikatafuta sahihi yangu.

Haipo.

Haipo, jamani! Mimi, niliyewarudisha watu kutoka getini kwa ajili ya sahihi! Siku ile honi zilikuwa zinalia, akina mama wanaimba jina langu, nikaandika jina langu chini vizuri kabisa na sikusaini.

Na juu yake dokezo. Mnaujua mwandiko wa nani.

"Haina sahihi. Nimeona baada ya kuipa namba. Nimeitoa kabla faili halijapanda juu, ili asaini."

Chini yake, kalamu nyingine:

"Tarehe 6. Nimeenda uwanjani kumtafuta. Nimekosea uwanja, nimeingia mkutano wa mpinzani wake. Wamenivalisha kofia na kunikalisha mbele. Nimetoka kwa kisingizio cha choo."

"Tarehe 11. Ofisi yake ya kampeni. Vijana wanasema hana nafasi."

"Tarehe 19. Simu haiingii."

"Tarehe 27. Nimesimama kando ya gari lake. Amepandisha kioo."

"Likizo yake imeisha leo. Hajasaini. Mungu wangu."

Nilikaa chini, sakafuni, na kanzu yangu ya kazi na vumbi lote lile. Karani mmoja akaniuliza kama presha imepanda. Nikamwambia afunge mlango kwa nje.

Mtu ana barua inayomwokoa, iko kwenye trei futi tatu kutoka kitini kwake masjalani, imewekwa mahali pake kabisa kwa mujibu wa utaratibu! Angeitaja tu, wangeishusha, angerudi mezani kwake siku ile ile. Na mimi ningeipoteza pensheni siku ile ile, maana barua isiyo na sahihi si barua.

Alilijua hilo. Ndiyo maana alitaka tuongee wawili.

Nilienda kwake bila kupiga simu. Nilimkuta uani anapigilia misumari kwenye mguu wa kiti, mke wake anakunja nguo za kuuza. Mke akaniona, akachukua beseni lake akaingia ndani bila salamu. Sikumlaumu.

Nikamwonyesha ile karatasi.

"Umeiona," akasema. Nyundo haikusimama.

"Kwa nini hukuichana?"

"Toka lini mtu wa masjala akachana karatasi?"

"Kwa nini hukusema mbele ya kamati?"

"Ungeikosa pensheni."

"Na wewe je? Miezi sita huna mshahara! Cheo!"

Akaweka nyundo chini. "Dada, mimi nina mke ana biashara yake. Nina watoto watatu wana kazi zao. Nikiugua hapa, watagombana nani anilaze kwake. Wewe ukistaafu... una nani?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anasoma lebo ya faili. Hata siku ya kushindwa kura sikulia kama nilivyolia pale, nawaambia.

"Una nani?" akarudia, taratibu. "Basi irudishe kwenye trei. Baada ya miaka saba itachomwa na makaratasi mengine. Mimi nimeshakaa na aibu yangu, nimeizoea."

"Nilikuita msaliti mbele ya watu."

"Nilikusikia."

"Samahani, kaka yangu."

"Nenda nyumbani, Mama Faili."

Nilikaa na ile barua siku tisa. Sitajifanya malaika hapa. Siku tisa nzima! Nilikuwa naitoa kwenye mkoba, naitazama, nairudisha. Nilijiambia mwenyewe ametaka, mwenyewe ameridhia. Nikawaza uzee, nikawaza chumba cha kupanga na dawa za presha. Nikawaza kuumwa peke yangu, nikigonga ukuta ili jirani asikie.

Siku ya kumi nikapanda ngazi.

"Huu ndio ukurasa wa arobaini na moja," nikamwambia Afisa Utumishi.

Akasoma barua, akasoma dokezo. Akavua miwani.

"Mama... unajua ukiniachia hii maana yake nini?"

"Najua."

"Pensheni ya kila mwezi inakwenda. Na sitaweza kuirudisha, hata nikikuonea huruma vipi."

"Najua, mwanangu. Mrudishe kazini."

Kamati ikakaa upya. Bwana Dokezo akafutiwa adhabu, akapewa onyo moja la maandishi kwa kuidanganya kamati. Nimeliwekea namba mimi mwenyewe kwenye faili lake. Mimi nitastaafu nikiwa nimepungukiwa wiki saba.

Sasa kabla hamjaanza kunihurumia kwenye komenti, wewe mtumishi wa umma unayewaza kuchukua fomu, nenda kasome sheria ya likizo yako mstari kwa mstari, uombe mtu mwingine aisome barua yako. Na wewe mwenye kalamu nyepesi kama yangu, kabla hujamwandikia mwenzako malalamiko ya kurasa tatu, mpe dakika tano za kuzungumza nje. Dakika tano nilizomnyima wakati wa kampeni zimenigharimu uzee wangu, na zile nilizomnyima masjalani zilimgharimu yeye jina lake.

Jumamosi iliyofuata baada ya uamuzi ule, saa sita mchana, mlango wangu ukagongwa kama wa mdaiwa.

Bwana Dokezo! Amevimba, jasho linamtoka, ameshika nakala ya uamuzi mkononi.

"Nani alikutuma?!" akaanza kabla hajavuka kizingiti. "Nimepanga kila kitu! Nimevumilia matusi! Wewe unakwenda kuvuruga kwa sababu gani? Una akili wewe?!"

"Karibu ndani."

"Usinikaribishe! Utakula nini wewe? Eh? Utakula mabango haya?"

Akaanza kuzunguka sebuleni, anafoka. Alifoka kuhusu waraka, akafoka kuhusu vijana wangu wa kampeni, akafoka kuhusu ile kofia, kwamba ilimbana kichwa mpaka akaumwa. Majirani walikuwa wameanza kuchungulia dirishani.

Nilisimama pale na mwiko mkononi, machozi yananitoka, na mnisamehe jamani, nilikuwa natabasamu. Tangu mume wangu afariki hakuna mtu aliyewahi kunigombeza ndani ya nyumba ile.

"Unacheka nini?!"

"Chakula kiko jikoni. Kinatosha wawili."

"Sitaki chakula chako!"

Akavuta kiti, akakaa, akaendelea kufoka.